Tumbo la Mtoto Likiwa Gumu Kama Ngoma

Mwezi huu tulikuwa tumeombwa kuandika juu ya muhula mpya, mambo ya vitabu na sare. Tumeomba ruhusa tuandike jambo lingine, kwa sababu kila tukipita pale bombani kuna mama anatusimamisha: "Walimu, ni kweli yule mtoto alikaa siku nne tumbo likiwa wazi? Na bado anaishi?"

Ndiyo, ni kweli, na anaishi. Wiki iliyopita alikuwa akikimbiza mpira na wenzake, ingawa tumemkataza. Badala ya kumjibu kila mtu peke yake, tumeona tuandike hapa ili familia zote zisome. Mama yake ametukubalia, ila jina la mtoto tumeliacha. Tutamwita kijana wetu, kwa maana ni wa darasa letu la pili.

Njia tunayoijua

Sop Sop iko wilaya ya Tororo, mashariki mwa Uganda, upande wa mpaka na Kenya. Ni nchi ya Wapadhola, mashamba ya mihogo, wimbi na viazi vitamu, na barabara za vumbi ambazo mvua ikinyesha zinageuka uji. Wengi hapa Kiryandongo mnazijua sehemu hizo. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, familia zetu zilivuka Busia na Malaba na magodoro kichwani, zikapokelewa Mulanda, wilaya hiyo hiyo ya Tororo, kabla ya kuletwa huku mwaka 2008. Sisi tunaoandika tulikuwa wa miaka saba, minane hivi. Tunakumbuka mahema na foleni ya uji. Wengine waliacha urafiki kule, wengine wakaolewa kule. Nyanya ya kijana wetu ni mmoja wa waliorudi, anakaa Sop Sop kwa binti yake aliyeolewa na mwenyeji.

Likizo ya Desemba kijana alipelekwa kwa nyanya yake. Sisi wawili tulikuwa na safari ya Busia, na mama yake akatuomba: "Walimu wangu, mkirudi nipitieni Sop Sop mniletee mtoto." Tukasema sawa, mama. Tukafika Jumanne jioni tukidhani tutakunywa chai, tulale, asubuhi tupande gari na kijana. Kumbe tulikuwa tunaenda kukaa wodini siku kumi na moja.

Hali tuliyoikuta

Nyanya alitueleza kila kitu. Homa ilianza wiki mbili nyuma, inapanda jioni, asubuhi inapoa kidogo. Dukani akauziwa dawa ya malaria. Homa ikarudi. Kisha tumbo likaanza kuuma, na siku mbili kabla hatujafika likaanza kuvimba. Katika duka lile la dawa wakasema ni minyoo, wakampa vidonge vya minyoo. Jirani mmoja akasema ni bandama, achanjwe. Nyanya akakataa kuchanja, na kwa hilo tunamshukuru mpaka leo.

Tulimkuta kijana amelala chali, magoti yamekunjwa, hataki kugeuka wala kuguswa. Mtoto ambaye darasani hakai kwenye dawati dakika tano, sasa hata nzi akitua usoni hamfukuzi. Tumbo lilikuwa limejaa na kung'aa, gumu kama ngozi ya ngoma. Pumzi ilikuwa fupi fupi, ya juu juu. Alikuwa ametapika maji ya kijani, na nyanya akasema tangu asubuhi hajakojoa.

Hatukusubiri kupambazuke. Bodaboda mbili, mtoto katikati yetu, tukaenda kituo cha afya. Nesi aliyekuwa zamu alimgusa tumbo mara moja tu, kwa vidole viwili, akasema, "Huyu si wangu, huyu ni wa thieta." Akamwekea dripu, akampa sindano za kuua vijidudu, akaandika barua ya rufaa. Gari la wagonjwa lilikuwepo lakini mafuta hayakuwepo. Mahali hatutaji, kwa sababu tatizo hilo si la mahali pamoja. Tulichanga pesa zetu za vitabu, shemeji wa pale akaongeza, gari likawashwa. Usiku wa manane tukafika hospitali kubwa ya rufaa.

Presha ya tumbo ni nini?

Tukisema presha, wengi mnafikiria presha ya damu, ile ya wazee. Hii ni nyingine. Tumbo ni kama chumba kilichofungwa. Mbele kuna ukuta wa misuli, nyuma uti wa mgongo, chini nyonga, na juu kuna kiwambo kinachotenga tumbo na mapafu. Ndani yake kuna utumbo, ini, figo, kibofu na mishipa mikubwa ya damu.

Katika chumba hicho kikiingia kitu cha zaidi, iwe ni hewa iliyokosa njia, usaha, damu au maji, ukuta unatanuka. Mwanzoni hakuna neno. Lakini ukuta ukifika mwisho wa kutanuka, kila tone linaloongezeka linasukuma. Linasukuma kiwambo juu, mapafu yanakosa nafasi, mtoto anahema mbio. Linabana mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, miguu inakuwa baridi. Linabana figo, mkojo unapungua na mwishowe unakatika. Halafu linabana utumbo wenyewe, utumbo unakosa damu, unavimba zaidi, unatoa maji zaidi, na presha inazidi kupanda. Ni mzunguko, na mtoto hawezi kutoka ndani yake peke yake.

Tulishangaa kujifunza kuwa mtoto anaumia kwa presha ndogo kuliko mtu mzima. Mwaka 2013 wataalamu wa dunia wa mambo haya walitoa viwango. Mtu mzima huhesabiwa yuko katika hali mbaya kabisa presha ya tumbo ikizidi milimita 20 za zebaki na kiungo kikaanza kushindwa kazi. Kwa mtoto ni ikizidi 10 tu. Sababu ni kwamba msukumo wa damu wa mtoto ni mdogo, kwa hiyo nguvu ndogo ya nje inatosha kuzuia damu isifike kwenye figo.

Rula ya shule

Usiku ule wodini kulikuwa na sista mmoja, mama wa makamo, na watoto wengi, vitanda havikutosha. Hakuwa na mashine ya kupimia presha ya tumbo. Alifanya kazi kwa mikono, na sisi tulimwangalia.

Kwanza alimwekea mpira wa pua unaoshuka hadi tumboni. Yakatoka maji ya kijani, karibu nusu lita, na hewa. Akatuambia mpira huo ni dirisha: tumbo lina moshi, tumelifungulia dirisha. Kisha akaweka mpira wa mkojo. Ukatoka mkojo kidogo sana, rangi kama chai ya rangi. Akamwekea oksijeni.

Halafu akatuuliza, "Nyinyi si walimu? Mna rula?" Tulikuwa nayo ndani ya mkoba, ile ya sentimita 30. Akaisafisha. Akamlaza mtoto sawasawa, akaingiza ndani ya kibofu maji safi ya chumvi mililita 20, yaani mililita moja kwa kila kilo ya mtoto, maana kijana alikuwa na kilo 20. Akauinua ule mrija wima kando ya nyonga, akaweka sifuri ya rula usawa wa katikati ya ubavu, akangoja mtoto atoe pumzi, kisha akasoma maji yamesimama wapi. Kibofu kiko ndani ya tumbo, kwa hiyo kinabanwa sawa na viungo vingine, na maji kwenye mrija yanapanda kulingana na kubanwa huko.

Yalisimama sentimita 24. Alituonyesha hesabu: sentimita 13.6 za maji ni sawa na milimita 10 za zebaki. Tukagawanya kwenye karatasi, tukapata karibu 18. Yeye hakusema kitu. Alienda kumwamsha daktari.

Baada ya mpira wa pua kuvuta kwa saa moja hivi alipima tena, ikawa 18 za maji, yaani kama 13 za zebaki. Bado mbaya, lakini sista alisema hiyo nafuu kidogo ndiyo itakayomfikisha thieta akiwa hai.

Mambo madogo ambayo si madogo

Nyanya, kama nyanya wote, aliona mjukuu anahema akataka kumwegemeza kwenye mito akae wima. Sista akamzuia kwa upole: "Nyanya, ukimkunja kiunoni tumbo linabanwa zaidi. Jaribu kukunja gunia lililojaa uone." Akainua kichwa cha kitanda kidogo tu, mwinuko wa kama digrii 20. Mtoto akalala karibu sawa, miguu imenyooka.

Nyanya akasema, "Basi nimpe uji kidogo, hajala siku mbili." Sista: "Mama yangu, najua roho inakuuma. Uji ukienda kule hauna njia ya kupita. Utaongeza mzigo." Akalegeza kamba ya kaptula, akaondoa leso iliyofungwa tumboni. Akampa dawa ya maumivu, akatueleza kuwa mtoto mwenye maumivu anakaza misuli ya tumbo, na misuli ikikaza presha inapanda. Kwa hiyo dawa ya maumivu pale ni sehemu ya matibabu yenyewe.

Kisha kuhusu maji ya dripu. Ndugu wengi wakiona mtoto amezidiwa husema, "Sista, fungua dripu iende haraka!" Sista huyu alihesabu matone kwa saa yake. Maji kidogo mno, figo zinakufa. Maji mengi mno yanavuja kwenye utumbo na kuta za tumbo, uvimbe unazidi. Tulipomuuliza, alitukumbusha utafiti mkubwa uliofanyika hapa kwetu Afrika Mashariki, matokeo yakatoka mwaka 2011. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mshtuko, katika hospitali za Uganda zikiwemo Mbale, Soroti, Lacor na Mulago, na nyingine za Kenya na Tanzania. Waliomiminiwa maji mengi haraka walikufa zaidi, kama 10 na nusu kwa kila 100 ndani ya saa 48, kuliko wale ambao hawakumiminiwa, ambao walikuwa kama 7. Watoto wale hawakuwa wagonjwa wa upasuaji kama kijana wetu, na wenye kuhara hawakuwemo, kwa hiyo msije mkakataa maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha. Fundisho ni kwamba dripu ni dawa, na dawa ina kipimo chake.

Daftari la usiku

Sista mmoja hawezi kukaa kitanda kimoja. Mnajua hospitali zetu, anayemwangalia mgonjwa ndiye nesi wa pili. Alituita, akatufundisha, akatupa kazi. Sisi tukatoa daftari la mazoezi, tukapiga mistari kama rejista ya darasa: saa, maji yaliyoingia, maji ya mpira wa pua, mkojo, pumzi kwa dakika, na mzingo wa tumbo.

Mkojo tulipima kila saa. Mtoto wa kilo 20 anatakiwa kutoa walau mililita 20 kwa saa. Saa ya kwanza tuliandika 5. Saa ya pili 4. Tumesahihisha alama nyingi za wanafunzi lakini hatujawahi kuandika namba iliyotutisha namna ile.

Mzingo tulipima kwa futikamba ya fundi cherehani. Sista aliweka alama kwa kalamu pande mbili za kitovu ili tusipime leo hapa kesho pale. Unapima mwisho wa kutoa pumzi, bila kukaza. Alituonya kuwa mzingo peke yake haukuambii presha ni kiasi gani, maana tumbo linaweza kuwa limefika mwisho wa kutanuka na presha ikaendelea kupanda. Lakini namba ikiongezeka ndani ya saa chache, umwite.

Tulipewa pia kazi ya kuangalia mpira wa pua usizibe. Saa tisa usiku uliacha kutoa maji. Tungeweza kufurahi tukidhani tumbo limekauka. Sista alikuja mbio, akasukuma maji kidogo kwa bomba la sindano, pakatoka uchafu mzito, kisha maji yakaendelea. "Mpira ukinyamaza ghafla," alisema, "usimshukuru, muulize."

Alfajiri wakampeleka thieta.

Tundu dogo

Ilikuwa homa ya matumbo, ile tunayoiita taifodi. Vijidudu vinakaa kwenye ukuta wa utumbo mdogo, na homa ikiachwa kwa wiki mbili, tatu, utumbo unaweza kutoboka. Kijana alikuwa na tundu moja, dogo kama punje ya dengu. Kwa tundu hilo uchafu ulikuwa umejaa tumbo lote.

Si jambo la mtoto mmoja. Wale mliotoka upande wa Kongo mnaijua Kasese, na Bundibugyo jirani yake. Huko Kasese, tangu mwisho wa Desemba 2007 hadi Julai 2009, mlipuko wa taifodi uliwapata watu 577 walioandikwa. Kati yao 249 walitobolewa utumbo na 47 walikufa. Chanzo chake ni kile kile tunachokisema kila siku, maji machafu.

Madaktari waliosha tumbo na kushona tundu, lakini utumbo ulikuwa umevimba mno. Kulifunga tumbo kwa nguvu kungerudisha presha ile ile. Kwa hiyo hawakulifunga. Walichukua mfuko safi wa plastiki, wa aina ile ya kuwekea maji ya dripu, wakaufungua, wakaushona kando kando ya jeraha kama dirisha la kioo. Njia hii ilianzia Bogotá, nchi ya Kolombia, na imeokoa watu wengi katika hospitali ambazo hazina vifaa vya bei kubwa.

Mama yake alifika siku ya pili akitokea huku. Alipoona utumbo wa mwanawe kupitia plastiki alikaa chini sakafuni. Hatukuwa na maneno. Sista wa mchana alikuja akachuchumaa karibu naye, akamwambia, "Mama, tazama rangi. Ni nyekundu ya waridi, inang'aa. Hiyo ni rangi ya uzima. Ikiwa ya kijivu au nyeusi, uniite hata kama nimelala." Kuanzia hapo mama akawa mlinzi wa rangi. Kila saa aliangalia.

Manesi walihesabu maji yaliyovuja chini ya plastiki, wakabadilisha vitambaa, wakamkinga na baridi maana mtoto aliye wazi anapoteza joto upesi, wakamgeuza kidogo kidogo ili mgongo usichubuke. Walipima tena kwa rula yetu: sentimita 9, chini ya 7 za zebaki. Mkojo ukawa 25 kwa saa, kisha 30. Siku ya pili alirudishwa thieta kuoshwa. Siku ya nne uvimbe ulikuwa umeshuka, tumbo likafungwa bila kuvutwa. Siku ya tano alijamba, na wodi nzima ikapiga makofi. Msicheke, hewa ile ndiyo habari njema kuliko zote katika wodi ya matumbo.

Kitanda cha pili

Lazima tuseme na hili. Kitanda kilichofuata kulikuwa na mtoto mchanga wa miezi saba. Utumbo wake ulikuwa umejiingiza ndani yake wenyewe, kama mkono wa shati unavyojikunja ndani. Alikuwa amelia kwa vipindi, akanyamaza, akalia tena, kisha akatoa kinyesi cha damu na makamasi. Nyumbani walidhani ni kuhara damu. Alifika siku ya tano, tumbo limejaa, amelegea. Sista yule yule alifanya yote tuliyoyaona akimfanyia kijana wetu. Mtoto alifariki kabla ya jua kutoka.

Mama yake alikuwa binti wa umri wetu. Tulimsaidia kukunja leso. Utumbo uliojiingiza hivyo, mtoto akiletwa mapema, mara nyingi unarudishwa vizuri. Ni saa tu zinazotofautisha, na tunaandika haya ili binti mwingine asimkunjie mtoto leso namna ile.

Kazi ya manesi wetu ina faida

Kuna watoto wanaozaliwa utumbo ukiwa nje, kando ya kitovu. Huko Mulago, katika watoto 42 wa aina hiyo waliohesabiwa mwaka 2014, karibu wote walikufa, 98 kwa kila 100. Shida moja ni hii hii: tumbo la mtoto mchanga ni dogo, ukiurudisha utumbo wote mara moja presha inaua. Baadaye manesi na madaktari wa upasuaji wa watoto nchini Uganda walikubaliana utaratibu mmoja. Utumbo unawekwa kwenye mfuko safi, unarudishwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa, mtoto akitunzwa joto na maji kwa kipimo. Ripoti yao ya mwaka 2020 ilionyesha vifo vimeshuka hadi 59 kwa 100. Bado ni vingi sana. Lakini ni watoto ambao zamani hakuna aliyetarajia wangeishi.

Mzazi afanye nini?

Sisi si madaktari. Haya tumeyaandika tukiwa wodini, na manesi wameyapitia.

Mkimbize mtoto kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, ukiona:
- tumbo limevimba, ni gumu na linauma likiguswa, au mtoto amelala kimya hataki kusogea;
- anatapika maji ya kijani;
- hapati choo wala hewa, na tumbo linazidi kujaa;
- hajakojoa kwa saa sita au zaidi;
- anahema mbio na miguu imekuwa baridi;
- mtoto mchanga analia kwa vipindi, au kinyesi kina damu.

Mkiwa njiani msimlazimishe kula. Msimpe dawa ya minyoo wakati tumbo limevimba na anatapika. Minyoo mingi inaweza kuziba utumbo kabisa, na hapo ni kazi ya hospitali. Dawa ya minyoo ina wakati wake, Aprili na Oktoba katika siku za afya ya mtoto, mtoto akiwa mzima. Msimwingize dawa za mitishamba kwa nyuma, msimchanje, msimfunge leso tumboni. Mlegezeeni nguo, mlazeni kichwa kimeinuka kidogo tu.

Uvimbe wa tumbo unaokuja polepole bila maumivu nao usiachwe. Unaweza kuwa bandama ya malaria, lakini unaweza pia kuwa uvimbe wa Burkitt, saratani ya watoto ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza akiwa Mulago mwaka 1958. Inapatikana sana katika nchi zenye malaria nyingi kama huko Tororo na Busia. Inakua kwa siku na wiki, na dawa zake zinaweza kuiponya ikiwahiwa. Kwa hiyo ni wiki hii, usingoje mwezi ujao.

Na homa ikizidi siku tatu baada ya dawa ya malaria, mtoto apimwe tena. Ukipewa dawa ya taifodi, maliza zote. Chemsha maji ya kunywa. Nawa mikono kwa sabuni ukitoka chooni. Kenya mwaka 2025 ilianza kuwachanja watoto wa miezi 9 hadi miaka 14 dhidi ya taifodi, kwa hiyo wenye jamaa upande ule waulizeni kama watoto wamepata.

Mwisho, kumbukeni kuwa tangu 2001 hospitali za serikali ya Uganda hazidai ada ya matibabu katika wodi za kawaida, na mkimbizi anatibiwa sawa na mwenyeji. Pesa inayokosekana mara nyingi ni ya usafiri na vifaa vidogo. Ndiyo maana sisi walimu pamoja na akina mama wa mtaa wa tatu tumeanzisha kikopo cha dharura. Kila nyumba inayoweza inatoa shilingi 500 kwa mwezi, na kikopo kinakaa kwa mwenyekiti wa mtaa. Hadi sasa kimeshapeleka mtoto mmoja hospitali, na ilikuwa nimonia, amepona. Mtaa mwingine ukitaka kuanzisha wake, tuulizeni, tutawaonyesha daftari tunavyoliandika.

Ile rula tuliiacha wodini, sista aliiomba. Daftari tunalo, na mzazi yeyote anayetaka kujifunza kupima mkojo, pumzi na mzingo aje shuleni Jumamosi saa nne asubuhi, baada ya usafi. Muhula mwema kwa wote.

Ni sisi walimu wenu wa kujitolea, madarasa ya chini.